Msumeno Uliouma kwa Kisogo

Kwako Tatu binti Ramadhani,

Barua huandikiwa mtu aliye mbali, lakini wewe nakuandikia ukiwa hatua thelathini tu kutoka hapa nilipokaa. Nakusikia uani unavyopepeta mchele kwa hasira, mpaka kuku wanaogopa kusogea. Watu wengine huanza kwa kuuliza hali. Mimi yako siiulizi, naijua: umenuna tangu Ijumaa. Yangu ni nzuri, ila mkono umeanza kuuma na ndiyo kwanza nimeanza. Mwandiko usiucheke. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nikiwa dirishani natazama malori.

Karakana nimeifunga mapema, tangu saa tisa. Amekuja mteja mmoja akagonga, nikamwambia fundi amesafiri. Akauliza, "Sasa anayezungumza ni nani?" Nikamwambia ni msaidizi wake. Akasema, "Basi mwambie fundi wako akirudi, msaidizi ana sauti kama yake na uongo kama wake." Akaenda zake. Hii Tabora ni mji mdogo, mwanangu, mtu huwezi hata kujificha ndani ya duka lako.

Mambo ya nguo, ya sabuni, ya kukaa karibu na akina mama ndani ya behewa, hayo mama yako atakueleza, na atarudia. Mimi nina jambo moja. Jana wakati wa chai ulimwambia mama yako kwamba treni ya kesho hupandi. Ati hiyo nafasi ya chuo cha ufundi wapewe wengine, kwa sababu mkono wako umeshaonyesha kwamba si mkono wa fundi. Mama yako akanitazama. Mimi nikatazama kikombe, nikajifanya natafuta sukari humo ndani, na sukari yenyewe hatujaiona dukani tangu mwezi uliopita.

Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu unajua kusema kila kitu isipokuwa kile kinachotakiwa. Labda kalamu ina adabu zaidi.

Simba wa Uhuru yuko mbele yangu juu ya meza, kimya kama maiti. Tangu Ijumaa sijamgusa. Unajua nimenunua na kuuza misumeno ya mnyororo mingapi? Mimi mwenyewe sijui. Hii mnayoiita chenso, imepita mikononi mwangu ya kila namna: ya wapasuaji mbao, ya mashamba ya tumbaku, ya miradi iliyokufa kabla ya misumeno yake. Nanunua iliyokufa, naifufua, naiuza ikiwa inanguruma. Kuanzia Tura hadi Igunga, ukisema chenso watu wanakuambia nenda kwa Ramadhani. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Nisipojisifu mimi atanisifu nani, mama yako?

Lakini huyu Simba sikuwahi kumuuza mara ya pili. Alikuwa wa kwanza. Nilimuuza, wenyewe wakamtumia miaka saba, wakamchoka, nikamnunua tena akiwa chuma chakavu. Nikamfufua, nikamtundika ukutani. Wote wanaoingia humu lazima wasikie habari zake, hata aliyekuja kuomba moto wa sigara.

Basi Ijumaa wakaja wale wazee wawili wa kijiji cha ujamaa upande wa Igunga. Walitaka msumeno wa kupasulia mbao za madawati. Nikataka kuwaonyesha kwamba kwa Ramadhani hata kizee kinakata. Nikakuita, "Tatu, mjazie Simba mafuta, umwashe, waone." Ukajaza, ukavuta kamba mara moja tu akawaka. Nilivimba kifua mpaka kifungo kikalalamika. Ukakata gogo kipande cha kwanza, cha pili. Cha tatu, Simba akapiga ukelele kama nguruwe aliyebanwa mlangoni, akanyamaza. Ukavuta kamba, haivutiki. Pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda.

Nilinusa tanki, nikajua. Injini ya chenso hainywi petroli tupu. Lazima petroli ichanganywe na oili, la sivyo chuma kinasuguana na chuma mpaka vinashikana. Wewe ulikuwa umemimina petroli tupu, ile ninayooshea plagi.

Mzee mmoja akasema, akiwa anacheka, "Ndiyo mambo ya kumpa mtoto wa kike injini." Mwenzake akasema, "Twende bwana, tutarudi siku ambayo fundi yupo." Wakapanda baiskeli zao. Na mimi nikanyamaza. Mimi! Mtu niliyewahi kukemewa kwa kupiga soga matangani, siku hiyo nikakosa neno hata moja. Wewe ukaning'iniza aproni msumarini na hujaivaa tena.

Nitarudi kwenye kunyamaza huko. Kwanza nikusimulie habari ya Simba, ile ambayo umeisikia mara mia na mara zote hizo nimekudanganya.

Unavyoijua wewe ni hivi: mwaka uliofuata Uhuru, kijana Ramadhani, mzuri wa sura, mwepesi wa mkono, alinunua misumeno mitatu iliyokufa kwa Mzungu mmoja wa tumbaku aliyekuwa anafungasha kwenda kwao. Akaitoa roho yote mitatu, akazitia katika mmoja. Akaupeleka kijijini mbele ya Kwihara, akaangusha mti mkubwa watu wakapiga vigelegele, na binti mrembo kuliko wote akamtazama kijana huyo na kusema moyoni, ndiye. Binti huyo ni Nyamizi, mama yako.

Misumeno mitatu ni kweli. Mzungu ni kweli. Uzuri wa sura ni kweli, usibishe. Kuanzia hapo, shika kiti.

Nilikuwa sijawahi kushika chenso maishani. Baiskeli nilizijua, na injini ya mashine ya kusaga niliwahi kuifungua, nikaifunga, nikabakiwa na nati mbili mkononi. Lakini nilikuwa nimewaona watu wakikata, nikajiambia, hiki nacho ni nini? Nikaifungua yote mitatu sakafuni, nikachukua kabureta huku, silinda kule, kamba pale. Siku ya kumi na moja ikawaka. Jirani wakadhani lori limeingia ndani ya nyumba. Nikatoka barabarani nimeibeba, inanguruma, nikizunguka nayo kama mtu aliyeshinda kombe. Jina la Simba wa Uhuru nililitoa siku ile ile. Na gogo sikulikata hata moja. Sikuona haja. Chombo kinachonguruma hivi kitashindwaje kukata?

Wakati ule, ukisikia Uhuru na Kazi, watu kweli walifanya kazi. Kile kijiji mbele ya Kwihara walikuwa wanafyeka shamba la pamoja, wanakata kwa shoka, wamepinda migongo. Nikafunga Simba nyuma ya baiskeli, nikaenda nao njia ile ile ya zamani waliyopita wapagazi. Njia nzima naimba. Nikamkuta mwenyekiti na wanakijiji wote wamekaa kunisubiri, maana nilikuwa nimetanguliza habari kwamba anakuja fundi kutoka mjini na maajabu.

Nikasalimia wazee, shikamooni, wakaitika. Nikapiga hotuba. Nilisema, na haya maneno nayakumbuka kwa sababu mama yako ananikumbusha kila mwaka: "Ndugu wananchi, yale mashoka yenu mkayafue yawe majembe. Leo mtaona mti unavyokatwa kama papai."

Nikawasha. Watoto wakakimbia, ng'ombe wakakimbia. Nikaweka msumeno juu ya gogo lililolala pale. Ukapiga kelele, ukatoa moshi, ukatoa harufu ya kuungua. Nikakandamiza. Nikakandamiza tena kwa tumbo. Nilipouinua, gogo lilikuwa na alama nyeusi, kama mtu amelipiga pasi.

Mwenyekiti akainama akatazama. "Papai gani hili?" akauliza.

Nikasema mti wenyewe ni mgumu. Wakaleta mwingine. Nikasema huu ni mbichi. Wakaleta mkavu. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba labda hapa kijijini kuna mtu ameufunga huu msumeno kwa dawa. Pale wakanuna. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa amesimama na mtungi kichwani akasogea, akainama bila mtungi kuyumba, akatazama mnyororo. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Meno yake yanatazama nyuma. Fisi gani anauma kwa kisogo?"

Kijiji kizima, Tatu. Mpaka wazee wasio na meno walicheka.

Nilikuwa nimeufunga mnyororo kinyume. Kila jino limegeuka, linapapasa mti badala ya kuuma. Mwanafunzi wako wa kwanza atakayefunga chenso atafanya hivyo hivyo, na utakapomwona usimcheke, au mcheke kidogo. Lakini mimi nilifanya nini? Nilimtazama yule binti nikamwambia, "Dada, haya ni mambo ya mitambo, wewe nenda kateke maji." Akasema, "Nimeshateka. Na mtungi wangu nimeushika mdomo ukiwa juu." Wakacheka upya.

Nilifunga vitu vyangu nikarudi mjini. Siku mbili nikakaa na ule msumeno bila kuugusa, kwa sababu nikiugeuza mnyororo nitakuwa nimekubali. Siku ya tatu nikajifungia, nikafungua, nikageuza, nikawasha, nikagusa mguu wa kitanda changu. Mguu ukaanguka kabla sijafumba macho. Nililala sakafuni wiki ile, na nililala kwa furaha.

Mtu mwenye akili angerudi kijijini na kusema, yule dada alisema kweli. Mimi nilirudi nikasema nimeagiza kifaa maalumu kutoka Dar es Salaam. Na ili aibu ifutike yote, nikaukataa mti waliouchagua wao, nikachagua mwenyewe. Nikaona mti mmoja wa mtundu, mnene, mrefu, pembeni kidogo ya shamba. Nikasema huu. Mzee mmoja akasema, "Kijana, subiri—" Nikawasha. Simba akinguruma husikii mzee wala kijana.

Na kweli akakata! Vumbi la mbao likaruka kama unga, mti ukaanza kulia, ukainama, ukaanguka pale pale nilipotaka. Nikainua mikono juu kupokea vigelegele. Sikusikia vigelegele. Nilisikia mvumo.

Mwanangu, wewe umezaliwa katika nchi ya asali, hakuna haja ya kukufundisha. Mtu akitundika mzinga juu ya mti, ule mti hauguswi, hata kama umeota katikati ya shamba la mfalme. Mtoto wa miaka mitano huku kwetu anajua kwamba kabla ya kuweka shoka shinani unatazama juu. Mimi, fundi wa mitambo, nilitazama mnyororo tu. Mzinga ulikuwa juu pale, mkubwa, na alama ya mwenyewe imechongwa ubavuni. Ukapasuka vipande viwili, na wenye nyumba wakatoka kuuliza ni nani.

Nilikimbia. Nilimtupa Simba, nikaacha kiatu kimoja, nikakimbia njia ile ya wapagazi. Babu yangu aliipita akiwa na pembe ya ndovu begani hadi pwani, miezi mitatu kwa miguu, akarudi na kovu moja na wimbo mmoja. Mimi niliipita mwendo wa robo saa nikarudi na makovu arobaini na bila wimbo. Niliingia dimbwini, nikakaa humo mpaka shingoni, na nyuki wakanisubiri juu kama askari.

Nilipotoka, uso umevimba kama andazi, walinipeleka mbele ya wazee. Mwenye mzinga alikuwa Mzee Mihambo, mrinaji wa siku nyingi, mtu mkimya. Na aliyekuwa amesimama nyuma yake na kitambaa mdomoni ili asicheke ni binti yake. Yule wa mtungi.

Nilidhani watachukua msumeno. Mzee Mihambo akasema, "Msumeno wako siutaki, una kelele. Utanichongea mizinga mitatu. Kwa mkono. Utaitundika mwenyewe. Na hukumu yako itaisha siku nyuki watakapoingia wa tatu."

Nikauliza, "Na wasipoingia, mzee?"

"Basi tutazeeka wote."

Kila Jumapili nikawa naendesha baiskeli kwenda kule kuchonga. Umewahi kutoboa gogo zima kwa tezo? Mkono wangu uliozoea spana ulitoka malengelenge juu ya malengelenge. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulikuwa mwembamba upande mmoja. Mzee Mihambo anapita, anagonga kwa kidole, anasema, "Huu ni wa kulishia kuku," anaendelea na safari yake. Siku ya nne yule binti akaja akaketi juu ya gogo langu.

Akaniambia, "Unaipiga kazi kama unagombana nayo."

Nikamwambia, "Najua."

Hilo neno, Tatu. Mdomo ulisema najua, lakini la kweli lilikuwa, nisaidie. Lilikuja baadaye kidogo, baada ya lengelenge jingine kupasuka. Nikasema, "Dada, mwenzio sijui. Nionyeshe." Na kwa kuwa nilishaanza kusema kweli, nikamaliza yote: "Na meno ya msumeno yalikuwa yanatazama nyuma. Ulisema kweli. Hakuna kifaa kilichotoka Dar es Salaam."

Alicheka mpaka akashuka kwenye gogo. Halafu akachukua tezo, akanionyesha namna ya kufuata mshipa wa mti. Ufundi wote nilionao mikononi ulianza siku ile, si siku Simba alipowaka. Kabla ya pale nilikuwa mtu mwenye kelele.

Mizinga ikaisha, nikaitundika. Wa kwanza nyuki wakaingia baada ya wiki mbili, wa pili mwezi. Wa tatu ukakaa mtupu. Nikawa naenda kila Jumapili kuukagua. Nafika, nasalimia mwangaluka, napewa uji, natazama mzinga kwa mbali, nasema, "Bado, mzee," narudi. Mvua zikaja, zikapita. "Bado, mzee." Siku moja Mzee Mihambo akaweka kibuyu chake chini.

"Kijana, nyuki wameshaingia, huu ni mwezi wa pili sasa. Hata mimi nina macho. Sema shida yako."

Nikasema shida yangu. Nyamizi alikuwa ndani, akaitikia kabla hajaulizwa. Baba yake akasema, "Kumbe nimemhukumu mtu kifungo, yeye anahesabu mahari." Ndoa ikafuata, na watu wa kijiji wakamnunua Simba, wakasema msumeno unaopata mke lazima utakuwa mzuri. Mtundu niliouangusha walipasua mbao, na mlango wa nyumba tuliyoanzia maisha ulitokana nao. Ndio huo unaoubamiza tangu Ijumaa.

Sasa narudi kwenye kunyamaza.

Unakumbuka rafu iliyo juu ya meza? Ina chupa mbili. Moja ya petroli tupu, moja ya petroli yenye oili. Zote za kahawia, zote hazikuwa na alama. Mara ngapi umeniambia, "Baba, tuzitie alama"? Mwaka jana uliniambia. Mwezi uliopita uliniambia na ukaleta kitambaa chekundu mwenyewe. Nikakuambia nini? "Fundi wa kweli anajua kwa kunusa." Nikakitupa kitambaa. Nilikuwa nimeona raha kusema hivyo mbele ya wateja.

Na Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeosha plagi, nikarudisha chupa ya kuoshea mahali pa ile nyingine. Mimi. Kwa mkono huu unaoandika. Wewe ulichukua chupa mahali ilipokaa siku zote. Kunusa utanusa nini, karakana nzima inanuka petroli mpaka chai yangu inawaka.

Kwa hiyo waliposema "mambo ya kumpa mtoto wa kike injini," mimi nilikuwa najua tayari. Nilijua kabla hata hawajasimama. Ningesema, "Wazee, kosa ni langu, huyu aliniambia niweke alama," maneno yasiyozidi hayo. Ila ningeonekana mdogo mbele ya watu wa Igunga. Nikakuacha wewe uonekane mdogo. Umebeba siku nne kitu ambacho ni changu, na ukafika mahali pa kuuza safari yako kwa ajili yake. Nimekaa humu tangu saa tisa nikitafuta namna ya kulitia hili utani na sijaiona. Nisamehe, mwanangu.

Mkono wako ni wa fundi. Nilijua ulipokuwa na miaka tisa, ulipofungua redio ya jirani ukaifunga bila kubakiwa na nati. Mimi huwa nabakiwa mpaka leo, naziweka mfukoni mama yako asione.

Sasa habari za leo. Saa sita mchana nilipanda baiskeli nikawafuata wale wazee wawili kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na stesheni, hawajaondoka. Nikawaambia kosa lilikuwa la nani. Yule aliyecheka akakuna kichwa. Akasema, "Kwa hiyo binti ndiye aliyesema chupa zitiwe alama?" Nikasema ndiye. Akasema, "Na ndiye anayekwenda chuo?" Nikasema ndiye. Akamgeukia mwenzake, "Basi tungoje arudi, tununue kwake." Nimekuwa fundi miaka yote hii na wateja wangu wananiambia watamngoja mwingine! Nilirudi nacheka peke yangu barabarani, watu wakanitazama.

Chupa ya petroli tupu nimeifunga kitambaa chekundu. Nilikitafuta kwenye takataka, nikakipata.

Simba sitamtengeneza. Naweza, usidhani siwezi. Namimina mafuta ya taa, namwacha alale, nambembeleza, atalegea tu. Lakini hapana. Sasa hivi nimeweka kalamu chini, nimemfunga gunia nikamtundika pale pale ukutani. Likizo ukirudi utamfungua wewe, kwa elimu yao ya huko, na mimi nitakushikia taa na kukuuliza maswali ya kipumbavu. Kama meno ya mnyororo utayakuta yanatazama nyuma, usiseme kwa sauti.

Treni ni kesho. Mimi nitakuwa stesheni mapema, nimebeba sanduku lako. Ukija, nitakuwekea juu ya kiti na nitajisifu kwa abiria wote wa behewa lile mpaka uone haya. Usipokuja, nafasi haiendi bure: napanda mimi. Nitashuka huko, nitaingia chuoni, nitawaambia mimi ndiye Tatu binti Ramadhani. Wakiuliza mbona nina ndevu, nitawaambia huko kwetu nyembe zimeadimika.

Baba yako,
Ramadhani, fundi (na msaidizi wa fundi)

Tatu, hapa ni mama yako. Amekwenda kuswali, barua ameiacha mezani, nimeisoma. Kisomo cha watu wazima hakikwenda bure.

Ile habari ya kukaa siku mbili bila kugeuza mnyororo ni uongo. Zilikuwa siku tisa. Nilizihesabu, kwa sababu nilikuwa natazama njia. Na dimbwini alikuwa analia, tulimsikia kijiji kizima.

Lakini alirudi kuchonga mizinga. Ningeolewa na mtu asiyekosea, angekuwa amenichosha mwaka wa kwanza.

Sanduku nimelifunga. Aproni yako iko juu, nimeifua. Nenda.